Cédric Makiadi: mtoto wa Kinshasa aliyekuwa mchezaji wa katikati Ujerumani

Jina Makiadi si geni masikioni mwa Wakongomani. Wazee wakilisikia wanamkumbuka kwanza Franco, mwanamuziki aliyeitwa kwa jina lake kamili François Luambo Luanzo Makiadi, na ambaye alifariki mwezi wa 10 mwaka 1989. Lakini kuna Makiadi mwingine. Vijana wa Masisi na Walikale ambao leo wamefikia miaka 25 au 30 walimsikia kwenye redio wakati wa Kombe la Afrika la mwaka 2013 na lile la mwaka 2015, wakati watangazaji walipokuwa wakitaja wachezaji wa Leopards mmoja mmoja. Huyo ni Cédric Makiadi, mchezaji wa katikati, aliyezaliwa Kinshasa tarehe 23 mwezi wa 2 mwaka 1984, na ambaye karibu maisha yake yote ya mpira aliyaishi Ujerumani.

Hakuwa nyota wa kwanza wa bara la Afrika. Watoto wanaocheza mpira Kitchanga, Mweso, Pinga au Mubi hawagombanii jina lake wanapogawana majina ya wachezaji wakubwa kabla ya mchezo. Hata hivyo, historia yake inafaa kusimuliwa katika wilaya hizi mbili kuliko historia za nyota wengi. Hapa familia nyingi zimehama mara mbili, mara tatu, hata zaidi. Wazazi wanaona mtoto wao ana kipaji, halafu anatokea mtu na ahadi: kwamba kipaji peke yake kinatosha, kwamba safari moja tu itabadilisha maisha ya nyumba nzima. Njia aliyopita Makiadi inaonyesha kile kinachombeba kijana kweli, na kile kinachoweza kumpoteza.

Wakongomani wa kwanza kucheza mbele ya Wajerumani

Kabla ya Makiadi kuzaliwa, nchi yetu ilikuwa imeshapita Ujerumani, na haikurudi na furaha. Mwaka 1974, wakati nchi ikiitwa Zaire, Leopards walichukua Kombe la Afrika kule Misri, na Ndaye Mulamba alifunga mabao 9 katika mashindano hayo, hesabu ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyeifikia katika Kombe moja la Afrika. Miezi michache baadaye walikwenda Kombe la Dunia, Ujerumani ya Magharibi. Walikuwa timu ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara kufika huko.

Walicheza mechi tatu katika miji ya Dortmund na Gelsenkirchen, eneo la makaa ya mawe na viwanda vya chuma. Scotland iliwafunga 2-0, Yugoslavia 9-0, Brazil 3-0. Hawakufunga hata bao moja. Kwa miaka mingi watu wa nje walicheka picha ya Ilunga Mwepu akitoka kwenye ukuta wa wachezaji na kuupiga mpira mbali kabla Wabrazil hawajapiga adhabu yao. Wengi walidhani hakujua sheria za mpira. Wachache walikumbuka kwamba wachezaji wale walicheza chini ya serikali iliyowaahidi mengi waliposhinda, na kuwatisha waliposhindwa.

Kwa hiyo, Mkongomani aliyetaka kucheza Ujerumani miaka iliyofuata alikuta jina la nchi yake limeshabeba hadithi hiyo. Kuibadilisha hakukuhitaji maneno. Kulihitaji kazi ya kila Jumamosi, kwa miaka mingi.

Lübeck: kiwanja karibu na nyumba

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kinshasa ilikuwa katika shida kubwa. Mwezi wa 9 mwaka 1991, na tena mwezi wa 1 mwaka 1993, askari waliokasirishwa na mishahara walipora mji, na raia wengi wakafuata. Viwanda vilifungwa. Familia nyingi zilitafuta njia ya kuondoka. Huku kwetu mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine: wazee wa Walikale hawajasahau mwezi wa 3 mwaka 1993, wakati mauaji yalipoanzia kwenye soko la Ntoto na vita kupanda hadi Masisi. Watoto wengi wa rika la Makiadi katika milima hii walijua kukimbia kwa mara ya kwanza mwaka huo.

Cédric Makiadi aliondoka Kinshasa akiwa bado mtoto, akakulia Lübeck, mji wa bandari kaskazini mwa Ujerumani, karibu na bahari ya Baltiki. Ni mji wa baridi na wa upepo. Mtoto aliyetoka Kinshasa alipaswa kujifunza lugha mpya, shule mpya na chakula kipya. Kitu kimoja tu hakikuwa kipya: mpira ni uleule.

Hapo inafaa kueleza jinsi mpira wa watoto unavyopangwa kule, kwa maana ndipo siri ya njia yake ilipo. Ujerumani, karibu kila mtaa na kila kijiji kina chama cha michezo. Chama hicho ni cha wakaaji wenyewe. Kila mwanachama analipa mchango mdogo, na kwa mchango huo chama kinatunza kiwanja, chumba cha kubadilishia nguo na mipira. Kocha wa watoto mara nyingi ni mzazi wa mtoto mmoja, anayefanya kazi hiyo jioni bila mshahara. Watoto wanapangwa kwa umri, na kila timu ina ratiba ya mechi kwa mwaka mzima. Na kila mtoto, hata wa miaka 8, ana karatasi yake ya timu, yenye jina lake na tarehe yake ya kuzaliwa. Bila karatasi hiyo hachezi mechi ya mashindano.

Mtoto mgeni akifika katika mtaa kama huo, chama kipo tayari. Hangojei mtu wa kumgundua, anakwenda kuandikishwa tu. Makiadi alipita katika mpira wa vijana wa Lübeck kwa namna hiyo, akafika hadi VfB Lübeck, timu kubwa ya mji. Kutoka hapo, angali kijana, alichukuliwa na VfL Wolfsburg.

Wolfsburg: miaka ya kungoja

Wolfsburg ni mji uliojengwa kwa ajili ya kiwanda cha magari ya Volkswagen, na timu yake inategemea nguvu ya kiwanda hicho. Makiadi alifika huko wakati mpira wa Ujerumani ulipokuwa unajichunguza. Katika Kombe la Ulaya la mwaka 2000 Ujerumani ilitolewa katika kundi bila kushinda hata mechi moja. Wakubwa wa mpira walikubali kwamba walikuwa wameacha kulea vijana. Walilazimisha timu zote za daraja la juu kuwa na shule za mpira, na wakafungua vituo zaidi ya 350 katika nchi nzima, ili hata mtoto wa kijiji cha mbali awe na mahali pa kufundishwa karibu na kwao. Matunda yake dunia iliyaona mwaka 2014, Ujerumani ilipochukua Kombe la Dunia.

Kwa Makiadi, Wolfsburg ilikuwa shule ya subira. Alicheza katika timu ya pili, ile ya vijana na ya wale wanaongoja. Baadaye akaitwa katika timu ya kwanza, akarudi, akaitwa tena. Kwa misimu kadhaa alikuwa mchezaji anayeingia dakika za mwisho, au anayekaa kwenye benchi akimwangalia mwingine akicheza nafasi yake. Alikuwa na miaka 20, kisha 22, kisha 24, na bado hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kwamba atakuwa mchezaji wa kudumu wa daraja la kwanza.

Watu wanaosimulia mpira kama muujiza hawafiki kwenye miaka hii. Wanaruka kutoka mtaa wa vumbi hadi kwenye uwanja wenye taa. Lakini vijana wengi wenye kipaji wanapotelea katikati, hapo ambapo hakuna anayepiga makofi.

Duisburg: mabao 16

Katika msimu wa 2008 hadi 2009, Makiadi alicheza MSV Duisburg, timu iliyokuwa imeshuka hadi daraja la pili. Kwa kijana mwenye haraka, hiyo ingekuwa aibu: kutoka daraja la kwanza kwenda chini. Duisburg ni mji wa bandari kwenye mto Rhine, mji wa makaa ya mawe na chuma, katika eneo lilelile ambamo Leopards wa 1974 walifungwa. Wachezaji wake wanavaa mistari ya bluu na nyeupe, na watu wanawaita Punda Milia.

Huko ndiko alikochanua. Msimu ulipokwisha alikuwa amefunga mabao 16, na orodha ya wafungaji bora wa daraja la pili ikawa na majina matatu yaliyolingana: Benjamin Auer wa Aachen, Marek Mintál wa Nürnberg, na Cédric Makiadi wa Duisburg. Mtu wa katikati ya kiwanja alikuwa amefunga sawa na washambuliaji.

Na hapa historia ina utani wake. Msimu uleule ambao Makiadi alikuwa daraja la pili, Wolfsburg walichukua ubingwa wa Ujerumani, kwa mara ya kwanza katika historia yao, kwa mabao ya Grafite na Edin Džeko. Kama angebaki, huenda angekuwa na medali ya bingwa, ambayo angeipata akiwa amekaa. Alikokwenda hakupata medali, ila alipata kucheza. Na kwa sababu alicheza, timu nyingine ilimwona.

Freiburg: timu ndogo iliyosimama juu

Timu hiyo ilikuwa SC Freiburg, iliyompokea mwaka 2009. Freiburg iko kusini-magharibi, karibu na mipaka ya Ufaransa na Uswisi, chini ya milima ya Msitu Mweusi. Ni milima ya miti na malisho ya ng'ombe, na mtu wa Masisi angefika kule asingeiona ajabu sana, ukiondoa barafu. Uwanja wa timu wakati huo uliingiza watu 24,000 hivi, mdogo kuliko mingi ya daraja la kwanza. Freiburg haikuwa na tajiri nyuma yake. Mwaka 2001 ilifungua shule yake ya mpira, na tangu hapo imeishi kwa kulea vijana na kwa kununua wachezaji ambao wengine hawakuwataka.

Huko Makiadi alikaa misimu minne, na hiyo ndiyo miaka bora ya maisha yake ya mpira. Kazi yake ilikuwa ile ambayo Waswahili wa pwani wanaiita kiungo, yaani mtu anayeunganisha. Mchezaji wa katikati anapokea mpira kutoka kwa walinzi, anageuka akiwa amezungukwa, anautoa kwa washambuliaji. Timu ikipoteza mpira, yeye ndiye wa kwanza kukimbilia nyuma. Akifanya kazi vizuri, watu wanasifu mshambuliaji aliyefunga. Akikosea, kila mtu anaona. Papiss Cissé kutoka Senegal alifunga mabao 22 Freiburg katika msimu wa 2010 hadi 2011, na dunia ikajua jina lake. Nyuma yake walikuwapo watu kama Makiadi.

Mwishoni mwa mwaka 2011 Freiburg ilikuwa ya mwisho kabisa katika daraja la kwanza. Kocha aliondolewa, na kazi akapewa Christian Streich, aliyekuwa amelea vijana wa timu hiyo kwa miaka mingi. Watu walidhani timu imeshashuka. Haikushuka, ilimaliza ya 12. Msimu uliofuata, 2012 hadi 2013, Freiburg ilimaliza ya 5 katika Ujerumani nzima. Ilifika nusu fainali ya Kombe la Ujerumani kwa mara ya kwanza, ikafungwa na Stuttgart 2-1. Siku ya mwisho ya ligi ilikuwa bado na nafasi ya kuingia mashindano ya mabingwa wa Ulaya, lakini Schalke waliifunga nyumbani kwake, 2-1. Ikapata tiketi ya kombe la pili la Ulaya.

Kisha likatokea lile linalozipata timu ndogo zote zikifanya vizuri: matajiri walikuja kununua. Max Kruse aliondoka, Daniel Caligiuri aliondoka, na wengine pia. Makiadi alikwenda Werder Bremen, ambako kocha mpya alikuwa Robin Dutt, mtu aliyemfundisha miaka yake ya kwanza Freiburg. Alikaa Bremen misimu miwili. Timu ile, iliyokuwa bingwa mwaka 2004, haikuwa tena na nguvu yake ya zamani. Ilimaliza ya 12, kisha ya 10. Mwaka 2015 akahamia Rizespor ya Uturuki, katika mji wa Rize ulio kando ya Bahari Nyeusi, mahali penye vilima vya chai na mvua nyingi.

Ukijumlisha Wolfsburg, Freiburg na Bremen, alicheza mechi zaidi ya 200 katika daraja la kwanza la Ujerumani. Hesabu hiyo haipatikani kwa bahati.

Jezi ya Leopards

Mchezaji aliyekulia nje ana swali moja asilolikwepa: atachezea nchi gani? Makiadi alichagua nchi aliyozaliwa. Si jambo dogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 timu ya taifa ya Kongo haikuwa na mpango mzuri. Safari zilichelewa, marupurupu yalileta ugomvi, na timu za Ulaya hazikupenda kuwaachia wachezaji wao.

Mwezi wa 1 mwaka 2013 Leopards walirudi Kombe la Afrika, kule Afrika ya Kusini, chini ya kocha Claude Le Roy. Makiadi alikuwemo. Katika mechi ya kwanza Ghana walitangulia kwa mabao mawili, Kongo ikarudisha yote, 2-2. Halafu sare na Niger, sare na Mali, na safari ikaishia hapo, bila kufungwa na bila kushinda. Huku Kivu ya Kaskazini watu walisikiliza mechi hizo wakiwa na mambo mengine moyoni. M23 walikuwa wametoka Goma wiki chache tu kabla, tarehe 1 mwezi wa 12 mwaka 2012. Na kabla mwezi wa 2 kwisha, mapigano yalizuka Kitchanga, nyumba nyingi zikateketea, na watu wakabeba tena magodoro kichwani.

Mwaka 2015, Guinea ya Ikweta, Makiadi alikuwemo tena, safari hii chini ya kocha Mkongomani, Florent Ibenge. Katika robo fainali Kongo-Brazzaville walitangulia 2-0, na wengi walizima redio. Walioacha redio wazi walisikia Leopards wakifunga manne na kushinda 4-2. Katika nusu fainali Côte d'Ivoire ilikuwa na nguvu zaidi, 3-1. Lakini tarehe 7 mwezi wa 2, Kongo iliwafunga wenyeji kwa penalti na kuchukua nafasi ya tatu. Kijana aliyetoka Kinshasa akiwa mtoto alirudi Ujerumani na medali ya shaba ya nchi yake.

Miaka 9 baadaye, kizazi kingine cha Leopards kilifika tena nusu fainali dhidi ya Côte d'Ivoire, Abidjan, tarehe 7 mwezi wa 2 mwaka 2024. Makiadi hakuwa tena uwanjani, lakini jambo lililotokea siku hiyo haliwezi kuachwa na mtu anayesimulia Leopards kwa watu wa Masisi. Wakati wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji walifunika midomo yao kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakaelekeza vidole viwili kwenye kichwa, kama bunduki. Siku zilezile watu walikuwa wakikimbia kutoka Sake kuelekea Goma, mabomu yakianguka nyuma yao. Leopards walifungwa 1-0. Ila wahami wengi hawakumbuki bao lile. Wanakumbuka kwamba kuna watu walisimama mbele ya dunia na kuonyesha kwamba mashariki kuna wanaouawa na dunia imefunga mdomo.

Jina, tarehe na karatasi

Katika historia ya Makiadi kuna kitu ambacho hakionekani kwa sababu kilikwenda vizuri: jina lake. Alilotumia Lübeck ndilo alilotumia Wolfsburg, Freiburg na kwenye jezi ya Leopards. Wengine hawakupata neema hiyo.

Wiki mbili tu baada ya Makiadi, tarehe 8 mwezi wa 3 mwaka 1984, alizaliwa mchezaji mwingine wa katikati mwenye damu ya Kongo, Rio Mavuba. Baba yake, Ricky Mavuba, alikuwa katika kikosi cha Zaire cha 1974. Wazazi walikuwa wakikimbia vita vya Angola, na mtoto akazaliwa ndani ya meli. Kwenye karatasi zake, mahali pa kuandika alipozaliwa, paliandikwa kwamba ni baharini. Alifiwa na wazazi angali mdogo, akakulia Ufaransa, na hadi mwaka 2004 hakuwa na uraia wa Ufaransa. Baadaye alikuwa nahodha wa Lille iliyochukua ubingwa wa Ufaransa mwaka 2011, na akaenda Kombe la Dunia la 2014 na timu ya Ufaransa. Karatasi yake ilisema jambo la ajabu, lakini ilisema ukweli, na ukweli huo ulimbeba.

Wa tatu ni Silas, mzaliwa wa Kinshasa, aliyefika VfB Stuttgart mwaka 2019. Alikuwa na mbio ambazo mabeki wa Ujerumani hawakuziweza, na katika msimu wa 2020 hadi 2021 alifunga mabao 11. Wote walimjua kama Silas Wamangituka. Mwezi wa 6 mwaka 2021 timu yake ilitangaza kwamba hilo si jina lake. Jina lake la kweli ni Silas Katompa Mvumpa, na alikuwa na mwaka mmoja zaidi ya ule ulioandikwa. Alieleza kwamba alipofika Ulaya akiwa kijana, wakala wake wa zamani alimweka chini ya mkono wake, akamtisha, akashika karatasi zake na kumbadilishia jina. Kwa miaka aliishi na hofu ya kugunduliwa. Alijitokeza mwenyewe kusema ukweli. Shirikisho la mpira la Ujerumani lilimfungia miezi mitatu na kumtoza faini ya euro 30,000. Ingeweza kuwa mbaya zaidi, lakini lilitambua kwamba alikuwa ametendewa ubaya.

Makiadi alikwenda na familia, akaandikishwa karibu na nyumba yake, akapanda ngazi moja baada ya nyingine. Silas alikuwa peke yake mikononi mwa mtu mmoja. Wote wawili walikuwa na kipaji. Kilichowatofautisha ni nani alikuwa karibu nao walipokuwa wadogo.

Linalowahusu watoto wa hapa

Mwezi wa 1 mwaka 2025 vita vilichukua Masisi-kati, Sake na Goma. Mwezi uliofuata makambi yaliyozunguka Goma, kama Bulengo, Lushagala na Kanyaruchinya, yalivunjwa, na familia zikatawanyika: wengine walirudi kwenye mashamba yaliyoota majani, wengine wamekaa kwa ndugu na marafiki. Mwezi wa 3 vita vilifika Walikale-kati. Watoto waliokuwa wamezoeana kucheza pamoja juu ya mawe ya volkeno, kwa mpira wa mifuko na kamba, wamepotezana. Na mtoto asiye na shule wala mchezo anatafutwa na wengine: makundi yenye kumiliki silaha yanajua mahali vijana wanaposhinda bila kazi.

Hakuna anayeweza kuleta Freiburg hapa. Lakini kuna mambo ambayo hayahitaji tajiri.

La kwanza ni jina. Sheria ya Kongo inasema mtoto aandikishwe bure ndani ya siku 90 tangu azaliwe. Waliopitwa na muda huo wanahitaji hukumu ya mahakama, na waliopoteza karatasi njiani wana kazi ngumu zaidi. Mzazi aandike jina la mtoto, siku na mahali alipozaliwa, aweke nakala kwa mtu wa pili anayemwamini. Asikubali mtu ampunguzie mtoto miaka ili "aonekane mzuri" kwa timu. Mwaka mmoja uliopunguzwa leo utamrudia mtoto huyo akiwa mtu mzima, mbele ya watu wote.

La pili ni kitabu cha timu. Kanuni za FIFA zinasema mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawiwa timu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Timu ndogo nyingi za Afrika hazipati kitu kwa sababu hazina andiko la kuonyesha kwamba kijana alikuwa wao. Daftari la shule, lenye majina na tarehe, na kijana kuandikishwa katika chama cha mpira cha mahali, ndiyo mwanzo wa haki hiyo.

La tatu ni safari. FIFA inakataza kumhamisha mtoto wa chini ya miaka 18 kwenda nchi nyingine kwa ajili ya mpira, isipokuwa kwa sababu chache, kama wazazi wenyewe kuhamia huko kwa mambo yao. Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na kwa mtoto lazima awe na kibali cha maandishi cha wazazi. Anayekuja na haraka, anayeomba dola za "viza na majaribio", anayetaka mtoto aondoke bila mzazi kujua timu wala mji, huyo hatafuti mchezaji.

La nne ni kiwanja. Mahali popote familia zimerudi au zimepokelewa, sehemu moja tambarare iliyoachwa wazi kwa watoto, mtu mzima mmoja wa kuwasimamia jioni, na mechi yenye siku inayojulikana, ni kitu cha maana. Ndicho alichokikuta Makiadi Lübeck. Hakukuwa na mtu aliyejua kwamba mtoto yule mgeni atacheza mechi 200 za daraja la kwanza na kurudi na medali ya Leopards. Walimwandika jina lake, wakampa nafasi ya kucheza Jumamosi, na Jumamosi iliyofuata wakamwita tena.